Bwawa la Semeni

Jumatatu, 4 Machi 1996, Mahege

Leo tumemaliza bwawa. Mimi na mume wangu Badru tumechimba siku kumi na moja nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na matuta ya mchicha, mpaka maji yakaanza kujitokeza yenyewe chini. Mikono yangu imetoka malengelenge. Miaka tisa haikushika jembe, ilishika mashine ya chapa tu.

Daftari hili nilitoka nalo ofisini Kibiti siku ya mwisho, mwezi wa Novemba, tulipoitwa mmoja mmoja na kupewa bahasha. Kampuni inauzwa, sisi tumepunguzwa, kama mtu anavyopunguza utambi wa taa. Badru sasa anauza mitumba stendi. Mimi nimeingia kwenye kikundi cha akina mama cha kufuga samaki. Tuko wanane, kila mmoja na bwawa lake uani. Mwenyekiti ni wifi yangu, Mwanawetu, dada yake Badru. Mimi wamenifanya katibu kwa sababu najua kuandika.

Bwana samaki wetu ni Gaudens, kijana wa Mbinga, mpole, ana pikipiki inayozimika kila akiihitaji. Maagizo yake nimeyaandika: chimba, acha maji yajae, tupa samadi ya mbuzi, ngoja wiki tatu maji yawe ya kijani, ndipo vifaranga vije.

Wote tumemaliza isipokuwa Semeni.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua kutwa.

Ijumaa, 15 Machi

Maji yameanza kuwa kijani. Nimekaa ukingoni baada ya kufua, nikaona bwawa lina watu wake tayari. Kuna wadudu wadogo wanaoogelea chali, miguu miwili mirefu ikipiga maji kama makasia. Kuna mbawakawa weusi wanaopanda juu kuvuta pumzi kisha wanazama. Kereng'ende wekundu wanapita wawili wawili, wanagusisha mkia majini, wanaondoka. Binti yangu Mwanaamina amecheka mpaka akakaa chini. Nimefurahi. Kitu nilichochimba kwa mikono yangu kimepata uhai.

Jumamosi, 23 Machi

Kikao. Semeni bado hajamaliza bwawa lake. Ni mjane, anaishi na mama yake ambaye mwaka wa pili huu amelala, upande mmoja umekufa. Tunajua. Lakini kila mtu ana la kwake. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anatuchelewesha, na kama hataki aseme, nafasi yake apewe mwingine. Alijibu kwamba anataka. Nimeandika onyo lake katika muhtasari.

Alhamisi, 28 Machi

Vifaranga vimefika! Gaudens amevileta kwenye mifuko ya nailoni yenye maji, perege wadogo kama punje ya mchele yenye macho. Mia mbili kwa kila mmoja. Tuliiacha mifuko ielee juu ya maji kwanza kama alivyotufundisha, kisha tukaifungua taratibu. Walitoka kama moshi.

Semeni alimaliza kuchimba jana tu. Maji yake meupe, unaona mpaka chini, samadi hata haijaloa. Gaudens alikuna kichwa. Mwanawetu alisema asipewe. Gaudens akaona vitakufa kwenye mfuko bure, akavimwaga humo.

Jumatano, 3 Aprili

Sivioni. Labda vimekaa chini.

Jumapili, 7 Aprili

Nimepitisha chandarua cha zamani bwawani mara sita. Nimepata vifaranga vinne. Si arobaini, vinne.

Nimemwuliza Sihaba, jirani yangu wa upande wa barabara, naye mwenzetu kikundini. Kwake hakuna hata kimoja. Alikuwa ananyamaza akidhani ni yeye peke yake.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika hili lote, kwa sababu moyo wangu hautulii na sijui kwa nini.

Tulikutana barazani kwa Mwanawetu, wote wanane. Ilibainika kwamba saba hatuna samaki. Mwanawetu alisema jambo ambalo kila mtu alikuwa analo kichwani: samaki akifa huelea, na hakuna aliyeona hata mmoja aliyeelea. Basi hawakufa. Wamechukuliwa. Akauliza kama kuna aliyeona chochote.

Mimi nilikuwa nimeona kitu. Nilikisema kama mtu anavyosema jana ilinyesha. "Jumatatu asubuhi nilimwona Semeni akipita njia ya nyuma ya kwangu na beseni, amelifunika khanga."

Semeni alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Wote wakamgeukia.

"Beseni lilikuwa na nini, mwenzetu?" Mwanawetu akamwuliza, bila ukali.

"Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

Semeni akaangalia mikono yake. "Vyangu tu, dada."

Mtu asiye na kitu cha kuficha angejibu. Ndivyo nilivyofikiri, na niliona kila mmoja anafikiri hivyo hivyo. Tukaondoka pale kwa pamoja kwenda kwake. Mwanawetu akachota pumba mkononi, akazitupa majini. Samaki wakaja. Walikuja wengi hata maji yakatetemeka, wamekua, wana urefu wa kiungo cha kidole. Ndani ya nyumba mama yake alikuwa anakohoa.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Barabara ya Kibiti imekatika, Badru amerudi kwa miguu.

Jumatano, 17 Aprili

Leo nimeandika barua ya kumsimamisha Semeni. Waliosema ni saba, mwandiko ni wangu. Nimeweka tarehe, yahusu, na sahihi ya katibu chini, kama nilivyozoea ofisini. Sihaba ndiye aliyeipeleka. Anasema Semeni aliipokea, akaikunja, akarudi jikoni.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwanaamina alikuwa amekwenda shule kufagia, nikabaki peke yangu. Nilitaka kuvitoa vile vifaranga vinne nivilee ndani ya ndoo. Nikapitisha chandarua, nikamimina kilichoingia kwenye beseni jeupe la enameli. Vilikuwa vimebaki viwili. Pamoja navyo walikuwamo wale wapiga makasia kama kumi, na kitu cha kahawia nilichodhani ni jani lililooza.

Jani lile lilikuwa na miguu. Lilisogea polepole chini ya beseni, likatulia. Kifaranga kimoja kikapita mbele yake. Sikuona vizuri kilichotokea, ila chini ya kidevu cha mdudu yule kulifyatuka kitu kama mkono uliokuwa umekunjwa, kikamshika samaki tumboni. Samaki akapiga mkia. Mdudu hakujali. Alianza kumla katikati, taratibu, kama mtu anayekula muwa na hana haraka. Mwisho likabaki pezi, nalo akalila.

Kifaranga cha pili kilikimbilia juu. Mmoja wa wapiga makasia akakifuata kutoka chini, akakichoma, akakikumbatia. Hakula nyama. Alinyonya. Alipokiachia, ilizama ngozi nyeupe, nyepesi kama karatasi iliyoloa, ikajichanganya na matope. Ningekuwa naangalia bwawani nisingeiona kabisa.

Nilisimama pale mpaka adhana ya adhuhuri. Wale kereng'ende wekundu walikuwa bado wanagusisha mikia yao majini. Sasa najua walichokuwa wanakiweka: mayai ya mdudu yule wa kahawia.

Basi Semeni hakuiba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimempelekea Mwanawetu lile beseni, nimetembea nalo kama mtu abebaye uji wa moto. Nilitia humo dagaa hai wa mtoni niliowapata kwa mvuvi, ili aone kwa macho yake. Ameona. Aliangalia kwa makini, hata akavaa miwani ya marehemu mumewe.

"Nimeona, wifi," akasema. "Wanakula kweli. Sasa niambie, mbona kwake hawali?"

Nilikwenda kwa Semeni na chandarua changu, sikumkuta uani, nikapitisha. Samaki tele, wadudu wachache. Nilirudi nikamwambia ukweli, kwa sababu nilidhani ukweli utamsaidia.

Mwanawetu akatikisa kichwa kwa huzuni, si kwa hasira. "Basi anajua dawa yao na ametunyima. Au yeye ndiye aliyewaleta kwetu ndani ya lile beseni ulilomwona nalo."

Nilikuja na ushahidi wa kumtoa mtu kosani, nikaondoka nimemwongezea kosa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Semeni mwenyewe. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye beseni. Nikamwomba aniambie lilikuwa na nini, ili niwaambie wenzetu niwafunge midomo.

Akaongea kwa sauti ya chini, macho kwenye mlango wa chumbani. Yalikuwa matambara ya mama yake. Usiku mama huchafua, na Semeni huyapeleka kijitoni kabla watu hawajatoka, akiyafunika. Jumatatu ile alichelewa kidogo, ndiyo maana nilimwona.

"Kwa nini hukusema?"

"Barazani? Mama yangu ndiye aliyekuwa anawacheza ngoma wasichana wa Mahege nzima. Mwanawetu mwenyewe alifundwa na yeye. Niseme mbele yao kwamba siku hizi anajiendea kitandani?"

Nilimwambia nitasema mimi, kwa heshima, kwa mmoja tu.

"Usiseme, Rukaya. Mama bado anasikia kila kitu. Likitoka, litamrudia. Bora waniite mwizi."

Nimeahidi. Nimerudi nyumbani na jibu lote mkononi, na siwezi kulifungua.

Alhamisi, 25 Aprili

Tangu Jumatatu nawatoa wadudu kwa chandarua asubuhi na jioni. Juzi ndoo nzima. Jana ndoo nzima. Leo ndoo nzima. Wana mabawa. Mvua ikiacha tu, madimbwi yote ya barabarani yanawaleta kwangu.

Jumatatu, 29 Aprili

Idd ya kuchinja. Semeni hakutumiwa nyama na mtu. Nilimtuma Mwanaamina na bakuli, akarudi na bakuli limeoshwa na salamu.

Jumanne, 7 Mei

Gaudens amekuja, baada ya karibu wiki sita. Pikipiki hana tena, amekuja kwa baiskeli ya kuazima, matope mpaka magotini. Nilimkamata njiani kabla hajafika kwa mwenyekiti, nikamwonyesha beseni. Hakuchukua hata dakika. Alichuchumaa, akashika paji la uso.

Alinieleza. Maji yakikaa wiki tatu bila samaki, wadudu hutangulia. Vifaranga vikija vinakuta wenye nyumba wameshakua. Maji ya Semeni yalikuwa ya siku moja. Humo samaki waliwatangulia wadudu.

"Lakini wewe ndiye uliyetuambia wiki tatu."

"Nilisema kwa ajili ya chakula, Mama, maji yawe kijani. Nilipaswa kuwaambia pia mpitishe chandarua kwanza, mmwage mafuta ya taa kidogo juu, kusudi wakose pumzi, halafu ndiyo nilete vifaranga. Nilisahau."

Neno dogo namna hiyo. Nikamsihi alirudie barazani kama alivyolisema. Akasema ofisini kwake kuna orodha inaandaliwa, nusu yao watapunguzwa, na akina mama wakipeleka malalamiko kwamba bwana samaki amewaharibia, jina lake halihitaji kutafutwa. Ana mke mjamzito. Alisema atajitahidi.

Hivi ndivyo alivyojitahidi. Alisimama mbele yetu, akasema sababu za kitaalamu ni nyingi, na wadudu ni mojawapo.

Mwanawetu akamwuliza, "Sisi saba tulifuata maagizo yako?"

"Mlifuata."

"Semeni alifuata?"

"Hapana."

Mwanawetu akafungua viganja vyake, akatuangalia sote. Gaudens akainama kufunga kamba ya kiatu. Mwezi wa Machi nilimwona kama mtu aliyekuja na ufunguo. Leo nilimwona anafanana na mimi siku ile ya bahasha. Sikuweza hata kumchukia.

Mimi nami nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na mdomo.

Jumatano, 8 Mei

Nimemweleza Badru yote, isipokuwa la matambara. Aliniamini palepale. Kisha akasema kiwanja hiki ni cha Mwanawetu, alitupa kwa neno la mdomo tu tulipotoka nyumba ya kampuni, na dada yake hasahau. "Mimi sikukatazi," akasema. Akachukua furushi lake la nguo, akaenda stendi.

Jumamosi, 18 Mei

Leo wamegawana samaki wa Semeni. Imekubaliwa kuwa ni samaki wa kikundi waliorudishwa kikundini. Nilisema sikubaliani. Nimeandika hapa kwamba nilisema, lakini nilisema mara moja, na kwa sauti ndogo. Mwanawetu alinijibu kwamba aliyeona beseni ni mimi, na kama sasa nasema sikuona, niseme.

Niliona. Sikuweza kusema sikuona.

Walivuta kwa vyandarua viwili vilivyoshonwa pamoja. Semeni alitoka mlangoni, akawaangalia, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi na ndoo, akampa Sihaba aliyekuwa amekosa chombo.

"Chukueni," akasema. "Ila msiongee kwa nguvu, mama ndiyo kwanza amepata usingizi."

Wakanong'ona. Akina mama sita wamezama mpaka mapajani, wananong'ona. Mimi nilisimama ukingoni na orodha, nikaita majina kwa kunong'ona. La mwisho lilikuwa langu.

Jumanne, 21 Mei

Samaki wangu ishirini na mmoja wako bwawani. Sikutaka kuwatia. Mwanaamina aliwatia nilipokuwa msalani.

Jumapili, 26 Mei

Semeni amehama. Kaka yake Khamisi, mkulima wa mpunga Mohoro, alikuja na lori la mkaa lililokuwa linarudi kusini tupu. Ilinyesha. Nilikwenda. Hakuna mwingine aliyekwenda, ingawa niliona mapazia yanasogea.

Mama yake walimtoa na godoro lake. Nilishika pembe moja. Ni mwepesi sana yule mama. Alinifungulia jicho moja, akajaribu kusema, ikatoka pumzi tu. Tulimfunika kwa turubai. Semeni alipanda akakaa kichwani pake, akishikilia turubai kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima.

"Shika hapo pembeni pasivuje," akaniambia, nikashika mpaka gari likaondoka.

Alhamisi, 30 Mei

Badru amesikia stendi kwamba malori yalilala siku mbili kwenye matope karibu na Ndundu, pantoni ilikuwa imefungwa kwa wingi wa maji. Sijamwuliza lori gani.

Jumamosi, 8 Juni

Samaki wanakua. Hakuna hata mmoja aliyepotea, si kwangu si kwa wenzangu. Wadudu bado wamo, nawaona, lakini perege hawa sasa ni wakubwa kuliko wao. Juzi nilimwona mmoja anammeza mpiga makasia kama punje.

Mwanawetu alipita akatupa pumba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Machi. "Unaona, wifi? Wamerudi kwa wenyewe, sasa wametulia. Kweli haijifichi."

Nilimweleza tena habari ya ukubwa na udogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, akasema nimechoka, nipumzike.

Jumamosi, 15 Juni

Kikao. Kwa utaratibu, katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita. Nilikuwa nimeuandika upya wiki nzima. Nilisoma kwamba Semeni hakuiba. Kwamba vifaranga vyetu vililiwa na wadudu kwa sababu maji yetu yalikaa muda mrefu bila samaki. Kwamba beseni halikuwa na samaki wala wadudu, na mimi katibu najua lilikuwa na nini. Kwamba aliyemtaja ni mimi na nimekosa.

Sihaba akauliza lilikuwa na nini.

Nilikumbuka ahadi. Nikasema siwezi kusema.

Mtu mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwanawetu aliuliza kama kuna marekebisho ya muhtasari. Wakapendekeza sehemu hiyo yote iondolewe. Kisha wakapendekeza katibu apumzike. Sihaba alisoma mpaka darasa la saba, naye anaweza. Nilimkabidhi kauntabuku na kalamu. Alikata karatasi ile kwa uangalifu ili nyingine zisichanike.

Jumatano, 26 Juni

Mvua zimekwisha. Upepo wa baridi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimerudi kutoka Mohoro jana jioni. Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Habari ilikuja Alhamisi kwa dereva: mama yake Semeni amefariki. Hakuwahi kuwa sawa tangu safari ile ya mvua. Mwanawetu aliposikia alikaa chini uani, akalia kama mtoto, akimtaja marehemu kwa jina la ngomani. Nilimwangalia na sikuweza kumwona mbaya. Alisema lazima twende kuhani, wote, na hatuwezi kwenda mikono mitupu kwenye msiba wa mwalimu wetu. Akaagiza kila mmoja avue samaki wake. Nilimvuta pembeni, nikamwambia, wifi, tupeleke mchele, tupeleke maharage, lakini samaki hapana. Alishangaa kwa dhati. "Kwa nini? Ndio kitu chetu kizuri kuliko vyote."

Tukawakaanga. Tukajaza sufuria kubwa. Kwenye pantoni nililibeba mimi, kwa kuwa kwa Mwanawetu mimi ndiye wifi mdogo.

Semeni alikuwa amekaa na wanawake kwenye majamvi, amekonda. Mwanawetu akamkumbatia, wakalia pamoja, na kilio kilikuwa cha kweli pande zote mbili. Kisha Mwanawetu akanipa ishara, nikaweka sufuria mbele yake. Akafunua. Aliangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nasubiri aseme, nilitamani aseme, hata anitukane.

"Wamekua," akasema.

Akanyanyuka, akaita sahani, akaanza kuwagawia waliohani, mmoja mmoja, wazee kwanza, kisha watoto, kisha sisi wa Mahege. Mwanawetu alipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Mimi alinipa wa mwisho. Hakuondoka. Alisimama pale, sahani tupu mkononi, ananingoja kama unavyomngoja mgeni aonje.

Nikala.